Vyakula visivyo na nyama kutoka majiko ya dunia: shajara ya mradi

Kanuni ya kuchagua

Mradi huu unakusanya mapishi yasiyo na nyama wala samaki kutoka nchi mbalimbali, kila pishi likiwa limepimwa kwa gramu na kuelezwa hadi mpishi asibahatishe. Tangu mwanzo mapishi yamejigawa yenyewe makundi mawili. Kuna vyakula vilivyozaliwa bila nyama, kwa sababu ya mfungo, ya imani au ya hali ya maisha: adesi za Ethiopia, dosa ya India kusini (chapati nyembamba ya rojo la mchele na choroko lililochachushwa), supu za mahekalu ya Japani. Hivi havihitaji kubadilishwa. Vinahitaji kufuatwa tu. Kisha kuna vyakula ambavyo nyama, samaki au mafuta ya mnyama yamo ndani yake tangu asili: mapo tofu ya Chengdu nchini China (tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, katika mchuzi wa pilipili), keri ya kijani ya Thailand, tamale za Mexico (unga wa mahindi unaopikwa ndani ya jani). Kwa hivi tunauliza swali moja kabla ya kuondoa chochote: kitu hiki kilikuwa kinafanya kazi gani chunguni? Huenda kililetea chakula chumvi, au mafuta, au harufu, au ile ladha nzito inayobaki kinywani ambayo Wajapani huiita umami, au kilishikamanisha unga. Ukikiondoa bila kuirithisha kazi hiyo kwa kitu kingine, chakula kinapwaya, na anayekila analaumu mboga.

Vipimo: kijiko cha chai ni ml 5, kijiko kikubwa ni ml 15, joto ni la sentigredi. Pishi linaloitwa "limekamilika" limetoa matokeo yaleyale mikononi mwa wapishi tofauti.

Falafeli na taamiya: limekamilika

Pishi hili limeleta maswali kuliko yote, na karibu maswali yote yana jibu moja: dengu (zile za mviringo ziitwazo chickpeas kwa Kiingereza) hazichemshwi. Zinalowekwa tu, kisha zinasagwa mbichi. Dengu iliyochemshwa, ya kopo ikiwemo, wanga wake umeshavimba na kuiva. Ukiutia katika mafuta ya moto hauna tena uwezo wa kushika. Dengu mbichi iliyolowekwa bado ina wanga wake wote mzima, na wanga huo unaivia ndani ya kidonge chenyewe na kukifunga. Ndiyo maana falafeli ya kweli haihitaji yai wala chenga za mkate.

Kwa vidonge 20 hadi 24:

Dengu kavu gramu 250, zilowekwe katika maji lita 1 kwa saa 18 hadi 24. Zitaongezeka uzito karibu mara mbili. Kitunguu maji kidogo kimoja, kitunguu saumu punje 4, majani ya giligilani na ya paseli gramu 60 kwa jumla, bizari nyembamba kijiko cha chai 1½, giligilani ya unga kijiko cha chai 1, chumvi kijiko cha chai 1¼, bikaboneti ya soda nusu kijiko cha chai.

Mwaga maji ya dengu na uzitandaze juu ya kitambaa safi kwa dakika 15. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ndiyo chanzo cha nusu ya vidonge vinavyosambaratika. Majani nayo yakaushwe baada ya kuoshwa. Saga vitu vyote isipokuwa bikaboneti, kwa vipindi vifupi, ukikwangua kuta za mashine kila mara, hadi upate chembe ndogo kama za mchanga mbichi. Jaribu: finya kiganjani. Ikishikamana bila kutoa maji, imefika. Ikisambaratika, isage zaidi kidogo. Ikiwa imelainika kama ugali mwepesi, umepita, na vidonge vitakuwa vizito ndani. Weka kwenye jokofu saa moja. Bikaboneti itiwe dakika za mwisho kabisa kabla ya kukaanga, kwa sababu ikikaa ndani ya unga mbichi inamaliza nguvu zake.

Finyanga vidonge vya gramu 25 hadi 30 na ukaange katika mafuta ya joto la 175 hadi 180 kwa dakika 3 hadi 4, vichache kwa wakati. Mafuta yakishuka chini ya 165, kidonge kinanywa mafuta na kuachia kabla ganda halijashika. Yakipita 190, nje kunakuwa cheusi na kati kunabaki na ladha ya dengu mbichi. Kaanga kidonge kimoja kwanza. Kikivunjika, ongeza unga wa dengu kijiko kikubwa kimoja hadi viwili, si unga wa ngano, ambao unakifanya kiwe na utafunaji wa mkate.

Taamiya ya Misri ni ndugu yake, ila inatumia maharage mapana makavu yaliyomenywa na kupasuliwa badala ya dengu. Majani yanaongezwa hadi rojo liwe kijani, na vidonge hubonyezwa kuwa bapa kisha kupakwa ufuta. Ni laini na nyepesi kuliko ya dengu, na kwa maoni yetu ndiyo bora kati ya hizo mbili. Onyo lake limeandikwa juu kabisa ya karatasi ya pishi: watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu wakila maharage mapana. Mpishi anayepikia wageni aulize.

Misir wot: limekamilika

Waumini wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo nchini Ethiopia hujiepusha na nyama, maziwa na mayai siku za Jumatano na Ijumaa, na kwa Kwaresima yao ya siku 55, mbali na mifungo mingine. Jiko linalofunga kwa muda mrefu hivyo limejifunza kuitendea haki adesi, na siri yote imo katika kitunguu.

Adesi nyekundu gramu 200, vitunguu maji gramu 400 vilivyokatwakatwa vidogo sana, mafuta ya kupikia ml 80, berbere (mchanganyiko wa Kiethiopia wa pilipili na viungo) vijiko vikubwa 2 hadi 3, kitunguu saumu punje 4, tangawizi gramu 10, maji ya moto kama ml 700, chumvi.

Vitunguu vinaingia chunguni vikavu, bila tone la mafuta, kwa moto wa wastani, na vinakorogwa kwa dakika 15 hadi 20. Vinatoa maji yao wenyewe, maji yanakauka, na kitunguu kinaporomoka kuwa rojo. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji kijiko kikubwa kimoja. Hapo ndipo mafuta yanatiwa, dakika 5, kisha kitunguu saumu na tangawizi, kisha berbere. Wapishi wenye haraka huanza na mafuta. Kingo za kitunguu zinakaangika na kuwa ngumu, vipande vinabaki vipande, na mchuzi unakuwa maji upande mmoja na adesi upande mwingine. Uzito wa wot, yaani mchuzi huu, hautokani na unga wala kiazi. Ni kitunguu kilichoyeyuka.

Berbere ikaangwe kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, ukiongeza maji vijiko vikubwa 2 au 3 kila inapotaka kukauka. Ndani yake mna uwatu, na uwatu ukiungua unakuwa mchungu kiasi ambacho sukari haiwezi kuuficha. Harufu ikigeuka kuwa ya moshi, tupa uanze upya. Adesi bado hazijaingia, hasara ni ndogo. Osha adesi hadi maji yawe angavu, zitie, mimina maji ya moto kidogokidogo, acha zitokote dakika 25. Chumvi ije mwishoni. Mchuzi uwe mzito wa kukaa juu ya injera, mkate bapa wa Ethiopia uliochachushwa, bila kutiririka.

Siku zisizo za mfungo hutumika niter kibbeh, siagi iliyochemshwa na viungo. Toleo la mafuta linakosa harufu ile, kwa hiyo tunapasha mafuta ml 100 kwa moto mdogo sana, dakika 10, na punje 4 za korarima (iliki ya Ethiopia) zilizopondwa, uwatu robo kijiko cha chai na tangawizi vipande viwili, kisha tunachuja. Vijiko viwili vya mafuta hayo vinamiminwa juu ya wot iliyoiva. Pasipo na korarima, iliki ya kawaida inakaribia, japo ni tamu zaidi.

Injera yenyewe bado inaendelea. Unga wa tefu mtupu gramu 500 kwa maji ml 750 na chachu kidogo ya awali unachacha siku 2 hadi 3, na maji ya njano yanayopanda juu humwagwa. Tatizo ni macho, yaani vitundu vya juu. Injera isiyotobokatoboka inatokana mara nyingi na kuruka absit: unachukua sehemu ya rojo lililochacha, kama kikombe kimoja, unaipika na maji hadi iwe uji mzito, unaipoza, unairudisha na kusubiri hadi rojo lipande tena. Uji huo unalipa rojo nguvu ya kushika mapovu. Joto la chuma la kupikia ndilo ambalo halijatulia katika maelezo yetu, hivyo karatasi ya pishi haijafungwa.

Supu ya msingi ya Japani: limekamilika

Dashi ya kawaida hutengenezwa kwa mwani wa kombu na vipande vya samaki mkavu wa katsuobushi. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda alionyesha kwamba ladha ya kombu inatokana na glutamati, na mwaka 1913 Shintaro Kodama akaitambua inosinati katika katsuobushi. Glutamati ikikutana na inosinati, ladha inapanda mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Basi ukiondoa samaki unapoteza mwenzi wa glutamati, na supu ya kombu pekee inaonekana imesimama kwa mguu mmoja. Uyoga wa shiitake uliokaushwa unamleta mwenzi mwingine, guanilati, na wapishi wa shojin ryori, mapishi ya mahekalu ya Kibuddha, walikuwa wakiitumia ndoa hiyo zamani kabla ya wanakemia kuieleza.

Kombu gramu 10 na shiitake kavu gramu 15 kwa maji lita 1. Loweka kila kimoja katika nusu ya maji, ndani ya jokofu, usiku mzima. Maji ya moto juu ya shiitake kavu yanaharakisha kulainika lakini yanaua ladha. Asubuhi, unganisha maji na vitu vyote katika sufuria na upashe polepole hadi 60, ushikilie hapo nusu saa, toa kombu, kisha pandisha moto hadi uyoga uchemke dakika 5. Kombu ikichemka inatoa utelezi na ladha chungu ya baharini ambayo haiondoki. Chuja kwa kitambaa. Vumbi la uyoga linakaa chini.

Kombu iliyotumika isitupwe: ikatwe nyuzi na kutokotwa na sosi ya soya na sukari kidogo. Miso, rojo la soya lililochachushwa, iyeyushwe katika supu iliyokwisha kutolewa motoni. Tena isomwe lebo, kwa sababu baadhi ya miso za dukani zimechanganywa tayari na dashi ya samaki.

Samaki na mnyama waliojificha

Ingizo hili linarekebishwa kila pishi jipya linapoingia. Sosi ya Worcestershire kwa asili yake ina dagaa. Kimchi, mboga zilizochachushwa za Korea, nyingi zina sosi ya samaki au uduvi uliotiwa chumvi. Sosi ya chaza ni ya chaza kweli, ingawa ipo ya uyoga. Rojo la keri ya Kithai la kopo mara nyingi lina uduvi. Gado-gado ya Indonesia inaonekana mboga tupu, lakini mchuzi wake wa karanga kwa kawaida una terasi, ambayo ni uduvi uliochachushwa.

Linalowashangaza wengi ni jibini. Kanuni za Parmigiano-Reggiano na za Grana Padano zinataka maziwa yagandishwe kwa reneti ya ndama, kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Pecorino Romano inatumia ya mwanakondoo. Kwa hiyo pesto (mchuzi wa Italia wa majani ya rihani) inayotumia jibini hizo haiingii katika orodha yetu, hata kama haina kipande cha nyama. Uamuzi wa mradi: pishi linaandika "jibini ngumu ya reneti ya mimea au ya vijidudu", na jina la asili halitumiki kwa kitu kingine. Zipo jibini za jadi ambazo hazikuhitaji mnyama kamwe. Serra da Estrela ya Ureno inagandishwa kwa maua ya mbigili wa kadoni. Paneer ya India inagandishwa kwa asidi: maziwa yenye mafuta yote lita 2, yakifika karibu kuchemka tia juisi ya ndimu ml 60 kidogokidogo hadi maji yawe ya kijani hafifu, acha kutia, chuja, kandamiza kwa uzito wa kilo 2 au 3 kwa saa moja. Asidi ikizidi, paneer inakuwa na chengachenga na kukatikakatika motoni.

Dosa: limekamilika kwa joto, bado kwa baridi

Mchele gramu 600, choroko nyeusi zilizokobolewa (urad dal) gramu 200, mbegu za uwatu kijiko cha chai 1, chumvi gramu 12. Mchele wa idli (vikeki vya mvuke vya rojo hilihili) ndio bora. Wa pilau unaonukia unatoa dosa kavu.

Choroko na uwatu vilowekwe pamoja, mchele peke yake, saa 5. Choroko zisagwe kwanza kwa maji baridi sana, ukiyatia kwa kijiko, hadi rojo liwe jepesi na lenye hewa. Tone lake likitiwa katika bakuli la maji lielee. Mashine ikipata moto, inadhoofisha vijidudu vya kuchachua vilivyokuja na choroko zenyewe, na unga unalala. Mchele usagwe hadi ubaki na chembe ndogo sana. Changanya kwa mkono na chumvi, funika, acha mahali penye joto la 27 hadi 32 kwa saa 8 hadi 12. Rojo liwe limepanda karibu mara mbili na linukie uchachu safi.

Pakiwa na nyuzi 20, muda unafika saa 18 hadi 24, na hapo ndipo matokeo yanapotofautiana. Rojo likikaa muda mrefu bila kupanda, uchachu unaweza kutangulia hewa: dosa inakuwa kali na bapa. Ndani ya tanuri iliyozimwa yenye taa inayowaka kunatosha katika nyumba nyingi, lakini tanuri zinatofautiana mno. Tunapima kwa kipimajoto ndani ya rojo, si hewani.

Chuma kipashwe, kinyunyiziwe maji, maji yakiruka na kukauka mara moja, kifutwe kwa nusu ya kitunguu iliyochovywa mafuta. Mimina upawa mmoja katikati na uzungushe kuelekea nje kwa chini ya upawa, bila kukandamiza. Rojo likifuata upawa na kuchanika, chuma kimezidi moto. Nyunyiza maji tena. Likibaki jeupe na laini, moto ni mdogo. Rojo lililokaa siku ya pili katika jokofu hutoa dosa iliyo kavu na ya rangi nzuri zaidi. La siku ya kwanza linafaa idli.

Kwa wale wasiokula kitunguu wala kitunguu saumu, kama Wajaini (waumini wa dini ya Ujaini ya India), mvuje unashika nafasi ya vyote viwili katika mboga za pembeni. Kiasi ni kama nafaka ya mtama kwa watu 4, na lazima uingie katika mafuta ya moto kwa sekunde chache kabla ya kitu kingine. Mbichi unanuka vibaya. Mvuje wa unga huchanganywa mara nyingi na unga wa ngano, hivyo asiyekula ngano asome lebo.

Mapo tofu: limekamilika

Nyama ya kusaga katika mapo tofu ni kidogo. Haijazi tumbo, inatoa kitu cha kutafuna kati ya tofu laini, na mafuta ya kubeba pilipili. Shiitake kavu gramu 20, zilizolowekwa, kukamuliwa na kukatwa ndogo kama punje za mchele, zinafanya kazi ya kwanza endapo zitakaangwa hadi zikauke na kuwa kahawia pembeni; ya pili inafanywa na mafuta ya kukaangia. Uyoga ulioingia ukiwa na maji unabaki kama mpira.

Tofu laini gramu 500 ikatwe vipande vya sentimita 2, iwekwe katika maji ya chumvi (kijiko cha chai kimoja kwa lita) yanayokaribia kuchemka, dakika 5 hadi 10. Chumvi inaikaza kidogo, na tofu ya moto haitoi maji mengi ndani ya mchuzi. Katika mafuta vijiko vikubwa 4, kaanga doubanjiang ya Pixian vijiko vikubwa 2 kwa moto mdogo hadi mafuta yawe mekundu, kama dakika 2. Rojo hili ni la maharage mapana na pilipili, halina mnyama. Ongeza douchi (soya nyeusi zilizochachushwa kwa chumvi) kijiko kikubwa kimoja kilichopondwa, tangawizi, kitunguu saumu, kisha uyoga na maji yake ml 200. Tofu iingie, isikorogwe bali isukumwe kwa mgongo wa upawa. Wanga wa mahindi vijiko vya chai 3 katika maji vijiko vikubwa 3 umiminwe kwa awamu tatu, ukisubiri mchuzi uchemke kila mara. Ukimiminwa wote pamoja unaganda madonge, na baada ya dakika chache mchuzi unaachana na tofu. Chumvi isiongezwe kabla ya kuonja: doubanjiang na douchi zote mbili ni kali. Pilipili ya Sichuan ikaangwe kavu, itolewe mbegu nyeusi zinazosaga meno, isagwe, inyunyizwe mwisho.

Keri ya kijani ya Thailand: linaendelea

Hapa samaki ana kazi mbili: sosi ya samaki inatia chumvi, na kapi, rojo la uduvi, linatia harufu nzito ndani ya viungo vilivyotwangwa. Sosi ya soya pekee hailipi deni lote. Ina chumvi pungufu kuliko sosi ya samaki, hivyo anayebadilisha kijiko kwa kijiko anapata keri iliyopooza, na akiongeza soya hadi chumvi itoshe, keri inakuwa ya kahawia. Tumefikia mgawanyo huu kwa watu 4: sosi ya soya nyepesi kijiko kikubwa kimoja, chumvi kijiko cha chai nusu, na badala ya kapi, tao jiao (soya zilizochachushwa za Kithai) vijiko vya chai 2, zitwangwe pamoja na pilipili za kijani, mchaichai, galanga, ganda la ndimu ya makrut, shina la giligilani, kitunguu saumu na vitunguu vidogo. Kinu na mchi vinatoa mafuta ya mchaichai ambayo blenda haiyatoi. Blenda ikitumika, iwekewe tui, si maji.

Tui zito ml 200 lichemshwe kwanza peke yake hadi mafuta yajitenge, kisha rojo likaangwe ndani yake. Tui la boksi lenye vitu vya kulifanya lisitengane halitatengana hata likichemshwa saa nzima. Tia mafuta ya nazi kijiko kikubwa kimoja na nusu, kaanga rojo humo, kisha tui.

Kinachosumbua bado ni biringanya: zikiingia mapema zinafyonza mafuta yote ya juu, zikichelewa zinabaki chungu. Jaribio linaloendelea ni kuzipika kwa mvuke dakika 4 kabla. Pia, msomaji atofautishe: chakula cha "jay" nchini Thailand hakina hata kitunguu saumu wala vitunguu, kwa hiyo pishi hili si jay.

Pkhali ya Georgia: limekamilika haraka

Mchicha au spinachi gramu 500 uchemshwe dakika moja, upozwe, ukamuliwe kwa nguvu hadi ubaki kama gramu 200, ukatwekatwe. Jozi gramu 120 zisagwe na kitunguu saumu punje 2, giligilani na uwatu wa bluu nusu kijiko cha chai, siki kijiko kikubwa kimoja, chumvi. Changanya, finyanga, pambisha mbegu za komamanga. Makosa ni mawili tu: mboga haikukamuliwa, au jozi zimekaa hadi mafuta yake yameharibika. Onja jozi moja kabla ya kusaga zote.

Mexico: maharage yamekamilika, tamale bado

Maharage ya kukaanga ya Mexico yana mafuta ya nguruwe kwa jadi. Mafuta ya mimea yanatosha, mradi kitunguu kikaangwe ndani yake hadi kikaribie kuungua, kitolewe, ndipo maharage yaingie. Yakiwa mekundu, onyo: maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo fitohemaglutinini. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu katika maji mapya dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Chungu cha umeme cha kupika polepole hakifiki joto la kutosha, na hayafai kuanzia humo. Nyanya na ndimu ziingie baada ya maharage kulainika, kwa kuwa asidi inayafanya yabaki magumu.

Unga wa tamale na wa tortilla (chapati ya mahindi) unatokana na mahindi yaliyopikwa na chokaa ya chakula: mahindi makavu kilo 1, chokaa gramu 10, maji lita 3, yatokote hadi ganda lichubuke kwa vidole, yalale usiku kucha ndani ya maji hayo, yaoshwe na kusagwa. Chokaa inayeyusha ganda, inafanya unga ushikamane, na inafungua niasini ambayo mwili haungeweza kuipata. Unga wa ugali hauwezi kuchukua nafasi yake, unavunjika.

Kwa tamale, mafuta ya nguruwe hupigwa hadi yajae hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoinua unga ndani ya jani. Mafuta ya maji hayashiki hewa, ndiyo maana tamale zake zinakuwa kama tofali. Sasa tunalinganisha mafuta ya nazi yaliyoganda na mafuta magumu ya mimea, gramu 200 kwa unga mkavu wa mahindi gramu 500, yakipigwa dakika 8 hadi yawe meupe, kisha unga na mchuzi wa mboga vuguvugu vikifuata kwa zamu. Mafuta ya nazi yanayeyuka karibu na 24, hivyo mchuzi ukiwa na moto zaidi ya hapo hewa yote inatoka. Kipimo ni kilekile cha wapishi wa Mexico: donge dogo la unga katika glasi ya maji baridi. Likizama, endelea kupiga. Mafuta magumu ya mimea yanaelea bila shida ila hayana ladha. Ya nazi yanaelea pale tu mchuzi unapokuwa wa baridi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na mafuta ya kitunguu kilichokaangwa yakiwa sehemu ya kumi, ndio unaofuata kupimwa.